Mumunye Lisiloonjwa

Kwa miaka mitatu jumuiya yetu ilisali nyumbani kwangu ikaondoka bila kugusa chai. Walikuja kila zamu yangu ilipofika kwa sababu padre alikataza nyumba yoyote kurukwa. Walikaa kwenye viti vyangu, wakaimba, wakawaombea wagonjwa wote wa Matayos, kisha kila mmoja akakumbuka ghafla ng'ombe aliyemwacha amefungwa juani. Vikombe vilibaki mezani vikifanya utando. Nilivimwaga mwenyewe kwenye shamba dogo la mamumunye nyuma ya jikoni, na ninakiri kwamba kila kikombe nilikimwaga nikilitaja jina la Brendah.

Brendah ni mke wa Oundo, na Oundo ni mdogo wa mume wangu, Protus. Tumeolewa boma moja, mimi nikitangulia. Mama mkwe wetu, Leonida, alipougua sukari mpaka miguu ikakataa kumbeba, Brendah alikuwa Malaba akiuza chakula kwa madereva wa malori. Mimi ndiye niliyemwogesha mama, nikamkata kucha, nikamsikiliza akinung'unika usiku kucha. Kwa hiyo alipoona siku zake zinayoyoma, alinikabidhi kibuyu cha mbegu zake za mumunye. Mbegu hizo alipewa na mama yake siku alipotoka Samia kuja kuolewa. Hakutoa maelezo mengi. Alisema tu, "Chukua wewe. Yule mwingine atazikaanga."

Mumunye la mama mkwe halikuwa kama haya ya sokoni. Lilikuwa na rangi ya kijani iliyopauka, mistari ya kuinuka, na shingo iliyopinda kidogo kama ya bata. Ukilichuma changa, ukucha unazama bila kusukuma. Ukilipika na karanga, mtu anakusahau wewe mpishi, anaongea na sahani.

Jioni ya mwisho ya maisha yake mama aliomba mumunye. Nilimpikia, akala vijiko vinne. Alfajiri alikuwa amekwenda.

Siku ya mazishi, wakaza wana walipopewa nafasi ya kusema, Brendah alishika kipaza sauti, akajifuta macho kwa leso mpya, akasema, "Mama alikuwa mzima. Jioni akakula mumunye ya Everline, asubuhi tukapigiwa simu."

Hakuongeza neno. Hakuhitaji. Wanasema ulimi hauna mfupa, lakini ule wa Brendah ulinivunja mbavu mbele ya kaburi.

Kwetu, mwanamke akishukiwa kutia mkono kwenye chakula, hapelekwi kwa chifu wala hapigwi. Watu wanaacha tu kula kwake. Wazee walisema lisemwalo lipo, wakanyamaza, na kunyamaza kwao kukawa hukumu. Jirani yangu Ajiambo, ambaye tunatenganishwa na wigo wa minyaa tu, alikuwa akiingia jikoni kwangu kuazima chumvi bila hata kubisha hodi. Watoto wake walilamba miiko yangu. Baada ya mazishi alianza kunisalimia kutoka ng'ambo ya wigo, mikono akiwa ameiweka nyuma, na watoto akawafundisha kupita njia ya juu. Brendah nilimchukia, lakini Ajiambo nilimlilia.

Hata Protus. Anaendesha boda boda stejini Nambale, na kabla ya msiba alikuwa hawezi kukosa ugali wangu wa saa moja. Baadaye akaanza kurudi akijipapasa tumbo. "Nimeshiba, mama Quinton," anasema, na shati linanuka matumbo ya kukaanga ya vibandani. Sikumuuliza. Nilijua angenidanganya, na mimi ningemrushia sufuria.

Kisha nikagundua kuhusu mbegu. Kibuyu kilikuwa kinaning'inia juu ya jiko, kwenye moshi, ili wadudu wasiingie. Wiki ya matanga jikoni kulijaa wanawake, kila mtu akiingia na kutoka na sinia. Nilipokuja kukiteremsha, kilikuwa chepesi. Nusu ya mbegu haikuwepo.

Miezi michache baadaye watu wakaanza kuniletea habari kwamba kwenye kibanda cha Brendah, pale malori yanapopanga foleni kusubiri kuvuka Uganda, kuna mumunye tamu ya kienyeji, na madereva wanashuka kwenye magari kumtafuta nyabo, yaani mama, wa mumunye. Nilipanda gari nikaenda kuona kwa macho yangu. Nilisimama upande wa pili wa barabara, nyuma ya lori la mafuta, nikamwona akipakua. Kijani kilichopauka. Shingo ya bata. Mwanamke aliyewaambia watu kwamba mumunye langu linaua alikuwa analiuza lilelile kwa upawa, huku akicheka na wateja.

Siku ile nilimwombea mabaya. Niliomba kibanda kiungue na chapati zake zote ndani. Nilirudia ombi hilo kanisani Jumapili, nikiwa nimepiga magoti, na sikuona aibu. Lakini sikufanya kitu. Nilirudi nyumbani nikapalilia. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Maana mimi nilikuwa na kitu ambacho Brendah hakukaa muda wa kutosha kujifunza. Mumunye huliwa changa. Anayetaka mbegu lazima aliache moja kwenye shina mpaka ligeuke gumu, ukucha ugonge ukatae kuingia. Hilo tunaliita mama, na halichumwi hata nyumba ilale njaa. Tena kabla ya hapo kuna kazi ya maua. Jioni unatafuta ua la kike litakalofunguka kesho, lile lenye kitumba kidogo chini yake, unalifunga mdomo kwa uzi wa mgomba. Unafunga na la kiume. Asubuhi, kabla nyuki hajaamka vizuri, unalifungua, unalipaka vumbi la dume, unalifunga tena. Mama mkwe alikuwa akisema nyuki hana adabu, anatoka kwa huyu anaingia kwa yule bila kunawa miguu.

Kule Malaba, Brendah alichuma yote machanga, kwa sababu madereva hawasubiri. Mbegu alizopanda tena zilitoka kwenye yale aliyoyasahau majanini. Na katika kipande hichohicho cha shamba alipanda mengine ya kununua dukani, yale ya kijani iliyokoza, ili yajaze sufuria. Nyuki wakafanya yao. Mwaka wa kwanza mambo yalikuwa mazuri. Mwaka wa pili yakatoka yenye mabaka. Mwaka wa tatu yalikuwa maji matupu, mengine na uchungu wa kushika ulimi. Niliambiwa dereva mmoja, Opolot, alisukuma sahani mbele ya wenzake akauliza, "Nyabo, hii ni mumunye ama ni sabuni?" Habari ile niliitafuna kama nyama ya sikukuu.

Mwezi wa pili mwaka huu, Brendah akaja. Alishuka kwenye boda boda na pakiti mbili za sukari na mkate, akanikuta shambani.

"Dada Everline. Habari ya siku mingi."

"Ni hizi hizi ulizoniachia."

Alicheka kidogo, akatazama mashina yangu manne. Miaka yote hiyo nilipanda manne tu, niliyokuwa nikiyamwagilia maji ya kuoshea vyombo, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kula wala wa kununua. Kila msimu nilipata mbegu mpya, za zamani nikawapa kuku.

"Yako bado iko tu sawa," akasema, akilinyooshea kidole mumunye moja changa.

Kwetu mumunye changa halinyooshewi kidole, litaoza. Unakunja ngumi, unaonyesha kwa kifundo. Mtoto wa miaka minne anajua hilo. Miaka mitatu alikuwa akijaza tumbo la Malaba nzima na hajui hata hili. Nilifurahi sana.

"Yangu imeharibika," akaendelea. "Sijui ni mchanga ya huko, sijui ni nini. Wateja wananitoroka, wote wako kwa Hasifa hapo kando. Nipe tu mbegu kidogo, mvua ikianza nipande. Sisi si ni watu wa boma moja?"

"Mbegu ya kitu iliua mama?"

Aliangalia chini. "Hiyo maneno ni ya kitambo, Everline. Si tuiwache?"

"Tutaiwacha. Alhamisi jumuiya iko kwangu. Wewe kuja. Nitapika mumunye, utakula sahani mzima mbele ya Mama Taaka mwenyekiti na wale wote. Ukimaliza, uniulize mbegu hapo hapo wakisikia."

"Hiyo tu?"

"Na mimi sionji."

Hapo alinyanyua macho. Kwetu anayepakua ndiye anayeonja kwanza, hata kama ni mama anampakulia bintiye. Ndivyo mgeni anavyopata moyo wa kula. Mwenye kushukiwa ndiye zaidi. Yeye hutarajiwa kula vijiko viwili, vitatu, na kumeza kwa sauti.

"Si lazima tufike huko," Brendah akasema.

"Basi beba sukari yako."

Alifikiria madereva, nadhani, na meza zake tupu. Kisha akasema atakuja.

Jumatano nilikitoa kibuyu. Protus mpaka leo ananiuliza kwa nini nilifanya nilichofanya, na mimi namjibu kwamba aliyekuwa akishiba Nambale hana haki ya kuuliza. Lakini nitaeleza.

Nilitaka vitu viwili. Nilitaka jina langu lirudi, na nilitaka Brendah ashindwe. Nikimpa mbegu, jina ningepata, lakini yeye angenenepa Malaba miaka mingine kwa jasho la mama niliyemwogesha mimi. Nilifikiria kumpa zilizochemshwa, lakini zisipoota angesema nimeziroga, na hapo ningerudi palepale nilipokuwa. Nikizificha, Oundo angekuja na wazee, waseme mbegu ya mama ni ya boma lote, igawanywe. Na wangekuwa sahihi, ndivyo desturi ilivyo. Hata nikibakiza kiganja kimoja, najijua: Brendah angelia, mimi ningelegea. Hivyo isingebaki hata moja.

Nilizimwaga kwenye ungo. Zilikuwa nyeupe, nono, za mumunye mama moja kubwa nililolitunza tangu mwezi wa kumi na moja. Nilizikaanga kwenye kikaango kikavu. Zilianza kupasuka, jikoni kukanukia vizuri mpaka nikachukia harufu ile. Niliona uchungu kweli. Nilimwomba Leonida msamaha kwa sauti, kisha nikaendelea kukoroga, kwa sababu furaha ya nitakachokiona Alhamisi ilikuwa kubwa kuliko uchungu. Nilizitwanga pamoja na karanga mpaka hakuna mtu angejua ipi ni ipi. Mamumunye machanga yaliyobaki, yote saba, nikayachuma. Mashina yalikuwa yameshaanza kukauka. Niliyang'oa nikawatupia mbuzi.

Alhamisi wanawake walijaa sebuleni. Habari kwamba Brendah anakuja zilikuwa zimeshatembea, hakuna aliyefunga ng'ombe juani siku hiyo. Brendah alikaa karibu na mlango, amevaa kitenge cha kwenda harusini. Tulisali, tukaimba, Mama Taaka, mwenyekiti wetu, akafunga kwa sala ndefu iliyomtaja Leonida mara mbili. Nikaleta sufuria.

Nilimpakulia Brendah peke yake. Nikaweka kijiko. Nikarudi kusimama ukutani.

"Everline," Mama Taaka akasema, "si uonje basi tuanze."

"Leo mimi sionji, mama. Leo anaonja Brendah."

Brendah alishika kijiko, na kijiko kikagonga sahani, ngo ngo ngo. Nilistaajabu. Yeye ndiye aliyelitunga jambo lile. Yeye peke yake katika chumba kile ndiye aliyejua tangu siku ya kwanza kwamba ni uwongo. Na bado aliogopa. Mwongo akirudia uwongo wake miaka mitatu, mwisho anauamini kuliko majirani.

"Kula," nikamwambia. "Chakula inapoa."

Akala. Wote walitazama koo lake likishuka. Akangoja, kana kwamba kifo kinatembea kwa miguu na kitachelewa kidogo. Kikampita. Akala cha pili. Cha tatu alikijaza. Ladha ilimshinda, niliona; alikuwa hajala mumunye la kweli tangu lake liharibike, na alipofika nusu ya sahani alikuwa anakula kama mtu aliyetoka kulima.

"Brendah," Mama Taaka akasema polepole, "si ni wewe ulisema kwa kaburi hii kitu ndiyo ilimaliza Leonida?"

"Nilisema."

"Na sasa unakula."

Brendah aliweka kijiko. "Mama alikuwa na sukari. Ni sukari ilimmaliza, kila mtu anajua. Mimi nilikuwa tu na hasira." Akanitazama, kisha akatazama sahani. "Alipatia Everline kila kitu. Mbegu, mapenzi. Mimi hakuniachia hata kikombe. Nikasema tu."

Nikasema tu. Miaka mitatu ya chai iliyopoa, mume anayeshiba kwa watu, watoto wanaopita njia ya juu, na mwenyewe aliiita hivyo. Nilishika ukuta kwa mikono miwili ili nisimrukie.

Mama Taaka aliivuta sufuria akajipakulia, akala, akasema kwa mdomo uliojaa kwamba tumekuwa wajinga. Ndipo wengine wakanyoosha sahani. Ajiambo alikuwa wa mwisho. Alisimama na sahani yake mbele yangu mimi, siyo mbele ya sufuria, mpaka nikampakulia kwa mkono wangu. Alikula akiwa amesimama, macho chini. Halafu akainama akakusanya sahani za wenzake, akatoka nazo nje kwenda kuosha, kama mtu wa nyumbani. Moyo wangu ulitaka kumfuata. Lakini nilikuwa na kazi haijaisha.

Chai ilinyweka, wakaomba ya pili. Brendah akajifuta mdomo.

"Sasa nimekula," akasema. "Wote wameona. Nipe mbegu."

"Umeshapewa."

"Wapi?"

Nilimwonyesha sahani yake. Kwa kidole kilichonyooka. "Hiyo utamu yote ulikuwa unafikiria ni karanga. Karanga ilikuwa kidogo sana."

Alichelewa kuelewa. Kisha akaelewa, na uso wake ukafanya yote niliyoyaombea kanisani. Ulikunjuka, ukakunjika, mdomo ukabaki wazi. Kama ningeweza kumwagiza asimame hivyo mpaka jioni ningemwagiza.

"Zote?"

"Zote."

"Aki Everline. Hata moja?"

"Hata moja. Mama alisema wewe utazikaanga. Nimekusaidia."

Brendah alianza kulia, kilio halisi, bila leso. Mama Taaka aliweka kikombe chini akaniambia, "Umemaliza mbegu ya Leonida, mtoto wangu," na hakuwa ananisifu. Nilimwambia kwamba ningeweza kuirudia kazi ile kesho asubuhi. Na lilikuwa jibu la kweli. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo tangu niolewe. Nilihisi mwepesi, nilihisi nimeoga. Brendah alitoka akijikwaa mlangoni, tukasikia akimwita mtu wa boda boda kwa sauti iliyokatika.

Mlango wa nyuma ukafunguka, Ajiambo akaingia. Alikuwa nje wakati wote ule, maji yakivuma kwenye beseni, hakusikia kitu. Alikuwa anatabasamu. Sikuwa nimeona meno yake kwa miaka mitatu.

"Mama Quinton," akasema, "hiyo mumunye ni noma. Mimi pia nipe mbegu. Mbili tu. Nitapanda hapa kwa wigo, ikitambaa iingie kwako, tukuwe tunachuma pamoja."

Hakuna aliyenisaidia. Mama Taaka alitazama pembeni.

Nilimwambia zimeisha.

Ajiambo alicheka, akidhani namtania. Alisogea karibu akanikunjulia kiganja chake, kikiwa bado na maji ya kuoshea sahani zangu, akangoja.